Mizani Inapokataa Kuongea na Kompyuta

Msimu mkubwa wa kahawa katika kaunti za Meru na Embu huwa kati ya Oktoba na Desemba. Hapo ndipo foleni za jioni hurefuka kwenye viwanda vya vyama vya ushirika, kuanzia upande wa Nkubu hadi Runyenjes, na hapo ndipo kompyuta iliyo kando ya mizani huchagua kunyamaza. Karani anabonyeza kitufe na namba haitokei. Mizani yenyewe inaonyesha kilo 38.6 kwa taa nyekundu na kila mtu anaziona, lakini kwenye kioo cha kompyuta kuna sufuri, au kumejaa alama ambazo hakuna anayeweza kuzisoma.

Somo la toleo hili linahusu njia iliyo kati ya vyombo hivyo viwili, yaani waya mwembamba na tundu liitwalo poti ya siriali. Limeandikwa kwanza kwa makarani wa viwanda vya kahawa, vituo vya kupokea maziwa na maghala ya nafaka. Hata hivyo mkulima naye alisome, hasa pale tunapoeleza jinsi namba zinavyopotea njiani, kwa sababu kilo ni zake. Wakulima Waafrika wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na tangu wakati huo ugomvi wa kiwandani haujawahi kuwa mbali na mizani. Zamani ulikuwa ugomvi wa debe lililojazwa hadi kufurika. Siku hizi unaweza kuwa ugomvi wa waya.

Jambo la kwanza kushika

Mizani na kompyuta ni vyombo viwili. Kisanduku chenye namba, ambacho tutakiita kionyeshi, hupima bila kuhitaji kompyuta. Kompyuta haipimi kitu, inapokea tu ilichoambiwa. Kwa hivyo mawasiliano yakikatika, kazi haina haja ya kusimama na wala karani hana haja ya kukisia. Asome kilo kwenye kionyeshi mbele ya mkulima, aziandike kwa kalamu kwenye kitabu cha stakabadhi chenye nakala, kisha aziingize kwenye kompyuta baadaye. Kisichokubalika ni kuandika "kama ilivyokuwa jana", au kukubali namba iliyo kwenye kompyuta wakati kionyeshi kinasema nyingine.

Jambo la pili ni mpaka wa kazi yako. Waya, tundu, programu na mipangilio ya mawasiliano unaweza kuvichunguza mwenyewe. Muhuri wa mizani usiuguse. Chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri, na ukiukata muhuri ili "uangalie ndani", mizani hiyo haifai tena kupokelea mazao mpaka ikaguliwe upya. Ikiwa kionyeshi chenyewe hakirudi sufuri, au kinapima jiwe la kilo 20 na kutoa 19.4, hilo si suala la waya. Mwite afisa wa mizani na vipimo.

Namba inavyosafiri

Poti ya siriali ni teknolojia ya kale. Kanuni yake, iitwayo RS-232, ilitolewa Marekani mwaka 1960, na imedumu kwa sababu ni rahisi: waya mmoja wa kupeleka, mmoja wa kupokea, na mmoja wa ardhi unaovifungamanisha vyombo viwili. Plagi yake ya kawaida ina pini 9. Upande wa kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hupeleka, na ya 5 ni ardhi. Mizani nyingi zinahitaji hizo tatu tu.

Kionyeshi hutuma uzito kama mstari wa herufi, herufi moja baada ya nyingine, na kila herufi imekatwakatwa kuwa biti. Mwendo unaotumika sana ni biti 9600 kwa sekunde, ingawa kuna mizani za 1200, 2400 au 4800. Kwa kawaida herufi moja hubeba biti 10 pamoja na za kuanzia na kumalizia, kwa hivyo kwa mwendo wa 9600 herufi 960 hupita kila sekunde. Mstari wa uzito wenye herufi 16 huchukua sehemu moja ya sitini ya sekunde. Hiyo inatosha kabisa kwa kiwanda chochote, kwa hivyo usidanganywe kwamba unahitaji mwendo mkubwa zaidi.

Kompyuta mpakato za sasa hazina tundu la pini 9. Ndiyo maana katikati huwekwa adapta inayogeuza siriali kuwa USB, na kwa uzoefu wa kazi hii, adapta hiyo ndiyo ya kushukiwa kabla ya kitu kingine chochote.

Kompyuta haipokei kitu kabisa

Anza na mikono. Plagi ya pini 9 ina skurubu mbili pembeni, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuzikaza. Sakafu ya kiwanda hutetemeka, mtu anapita na gunia, waya unavutwa, plagi inakaa nusu ndani na nusu nje. Ichomoe, uangalie kama kuna pini iliyopinda au yenye kutu ya kijani (unyevu wa mashine ya kumenya kahawa huleta kutu haraka), uirudishe na uikaze.

Kisha angalia kama kompyuta inaitambua adapta. Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi X, uchague Device Manager, ufungue sehemu iliyoandikwa Ports. Hapo utaona jina la adapta likifuatwa na COM na namba, kwa mfano COM3. Kama haipo kabisa, chomoa adapta na uichomeke tena huku ukitazama. Ikiwa hakuna kinachobadilika, jaribu tundu lingine la USB, kisha kompyuta nyingine.

Ikiwa ipo lakini ina alama ya njano ya mshangao, tatizo ni draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitumia adapta. Hapa kuna mtego unaowakuta wengi. Adapta za bei ya chini sokoni mara nyingine huwa na chipu ya kuigwa, iliyoandikwa jina la Prolific ilhali haikutengenezwa na kampuni hiyo. Draiva mpya za Prolific huikataa chipu ya namna hiyo. Matokeo yake, adapta iliyofanya kazi msimu mzima hufa asubuhi moja baada ya Windows kujisasisha usiku, na karani anaapa hakugusa chochote. Anasema kweli. Chama kikinunua adapta, kinunue kwa muuzaji atakayekubali kuirudisha, na kinunue mbili. Tofauti ya bei kati ya adapta halisi na ya kuiga ni ndogo kuliko hasara ya jioni moja ya foleni.

Adapta ikiwa sawa, linganisha namba ya COM. Windows inaweza kuipa adapta ileile namba nyingine ukiichomeka kwenye tundu tofauti. Jana ilikuwa COM3, leo mtu kachomeka simu yake kwenye tundu lile, adapta ikahamia la pili na kuwa COM5, na programu ya kupokea kahawa bado inasikiliza COM3 ambako hakuna mtu. Tibu kwa kubadilisha namba ndani ya programu, au kurudisha adapta mahali pake. Halafu weka tone la rangi ya kucha kwenye tundu na kwenye plagi yake. Dawa hiyo haina gharama na imeokoa jioni nyingi.

Kuna pia poti inayokuwa na shughuli. Poti moja hufunguliwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa programu ya mizani ilifungwa vibaya na bado inaendelea chini kwa chini, ukiifungua mara ya pili itaambiwa imezuiwa kuingia. Kuwasha kompyuta upya humaliza hilo.

Jaribio la kijisehemu cha waya

Ukiwa hujui kosa liko upande wa kompyuta au upande wa mizani, kuna jaribio dogo linalotenganisha pande hizo mbili. Chomoa kabisa waya unaokwenda kwenye mizani, ubaki na adapta peke yake. Pakua programu ya bure iitwayo PuTTY, uchague Serial, uandike namba ya COM yako na mwendo wa 9600, kisha ufungue dirisha. Andika herufi yoyote. Hakuna kitu kitakachotokea, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sasa unganisha pini ya 2 na ya 3 za adapta kwa klipu ya karatasi na uandike tena. Kinachopelekwa kinarudi palepale, kwa hivyo herufi zako zitatokea kwenye dirisha. Toa klipu, zitakoma.

Herufi zikirudi, kompyuta, draiva na adapta vyote ni vizima, na kosa liko kwenye waya, kwenye mizani au kwenye mipangilio. Zisiporudi, usiisumbue mizani wala usimwite fundi wake. Kosa liko kwako mezani.

Upande wa waya, fahamu kwamba kuna waya mnyoofu, ambao pini ya 2 inakwenda kwa ya 2, na waya wa msalaba, ambao ya 2 inakwenda kwa ya 3 na ya 3 kwa ya 2. Kwa macho vinafanana kabisa. Ukiweka usiofaa, vyombo vyote viwili vitazungumza kwenye waya mmoja na kusikiliza kwenye ule ambao hakuna anayeuzungumzia. Mizani iliyokuja na waya wake itumie waya huo, na waya huo usiazimwe ofisi nyingine.

Kagua pia jinsi mizani ilivyoambiwa itume. Kwenye menyu ya kionyeshi kuna chaguo la kutuma mfululizo, na lingine la kutuma pale tu kitufe cha kuchapisha kinapobonyezwa au kompyuta inapouliza. Programu inayosubiri mfululizo haitaona kitu ikiwa mizani inasubiri kuulizwa.

Herufi zinakuja lakini hazisomeki

Hapa ndipo pa hatari, kwa hivyo tukae kidogo.

Ukiona takataka tupu, alama zisizo na mpangilio wowote, karibu kila mara mwendo haulingani: mizani inatuma kwa 2400 na kompyuta inasikiliza kwa 9600. Fungua menyu ya mizani, usome mwendo wake, uweke huohuo kwenye programu. Kosa hili halimdhuru mkulima, kwa kuwa hakuna atakayedhani alama hizo ni kilo.

Kosa linalodhuru ni la pariti. Pariti ni biti moja ya ziada ambayo vyombo vingine huweka kwenye kila herufi ili kukagua kama imefika salama. Mizani inaweza kuwa imepangwa kwa biti 7 na pariti shufwa, huku kompyuta ikitarajia biti 8 bila pariti. Mipangilio yote miwili hutumia biti 10 kwa herufi, kwa hivyo mwendo unalingana na maandishi yanaonekana kama yanafika. Lakini kompyuta inaihesabu biti ya ukaguzi kama sehemu ya herufi. Tarakimu ambazo biti hiyo ni sufuri zinafika salama, nazo ni 0, 3, 5, 6 na 9. Tarakimu ambazo biti hiyo ni moja zinageuka alama nyingine, nazo ni 1, 2, 4, 7 na 8.

Fikiria maana yake kwenye foleni. Mama wa kwanza ameleta kilo 36.5. Tarakimu zote ni za kundi la kwanza, zinaingia sawasawa. Mzee anayemfuata ameleta 50.0, nazo zinaingia. Karani anaridhika kwamba mashine imepona. Wa tatu ameleta 41.5. Tarakimu ya 4 na ya 1 zimeharibika, na programu iliyoandikwa vibaya, ile inayotupa kila isichokielewa, inabakiwa na .5. Nusu kilo. Ikiwa risiti zinachapishwa haraka na hakuna anayetazama, mkulima huyo amepoteza kilo 41 kwa sababu ya mpangilio mmoja kwenye menyu, na hakuna mtu aliyekusudia kumwibia.

Kwa sababu hiyo, ukimaliza kutengeneza usijaribu kwa jiwe la kilo 5 au la kilo 50 pekee. Mawe hayo yatapita hata pariti ikiwa mbovu. Jaribu kwa jiwe la kilo 10 na la kilo 20, kisha weka mizigo inayoleta 4, 7 na 8 kwenye kionyeshi. Debe la maji linafaa, unaongeza kidogo kidogo ukilinganisha kionyeshi na kompyuta. Zikilingana kwa tarakimu zote kumi, ndipo ufungue foleni.

Kompyuta imekwama kwenye namba ya zamani

Hili nalo ni la kumhofia mkulima. Waya umekatika katikati ya kazi, na programu, badala ya kusema haisikii kitu, inaendelea kuonyesha uzito wa mwisho iliopokea. Mkulima wa kwanza alipima 62. Wa pili anapanda na 29, na karani aliyechoka anabonyeza kitufe kwa mazoea. Wa pili kapata kilo 62, na wa tatu vilevile. Jioni hesabu ya kiwanda haitoshani na kahawa iliyo kwenye tangi, na chama ndicho kinacholipa.

Kinga yake ni tabia moja: mzigo ukitolewa, tazama kompyuta ishuke hadi sufuri kabla ya kumwita mwingine. Isiposhuka, simamisha.

Mizani nyingi pia hutanguliza herufi zinazoeleza hali ya mzigo. Kwenye mpangilio mmoja unaotumika sana, ST ina maana mzigo umetulia na US ina maana bado unatikisika. Herufi hizo hutofautiana kwa aina ya mizani, zitazame kwenye kijitabu chake. Programu nzuri hukataa uzito ambao haujatulia. Chama kinachonunua programu kimuulize muuzaji jambo hilo waziwazi, pamoja na lile la kukwama, na kimtake achomoe waya mbele ya kamati waone programu inafanya nini.

Inafanya kazi halafu inaacha

Mawasiliano yanayokatika kila baada ya dakika kadhaa yana sababu tofauti. Windows huzima matundu ya USB ili kuokoa umeme. Kwenye Device Manager, fungua matundu ya USB, sehemu ya usimamizi wa umeme, uondoe ruhusa hiyo. Ikiwa yanakatika pale tu mota ya kumenyea inapowaka, waya wa mizani umepita karibu na waya wa mota, nao unapaswa kutenganishwa. Jaribu pia kuchomoa chaja ya mpakato na kuiendesha kwa betri. Tatizo likitoweka, kosa liko kwenye ardhi ya umeme wa jengo na anayehitajika ni fundi wa umeme.

Urefu nao una mpaka. RS-232 haikukusudiwa kuvuka kiwanda, mita 15 ndicho kipimo cha kawaida. Ofisi ikiwa mbali zaidi, sogeza kompyuta karibu na mizani, au tumia vifaa vya RS-485 ambavyo vinaweza kufika mita 1200.

Na kwa kuwa msimu wa kahawa huja pamoja na mvua, waya wa siriali uchomolewe kila jioni pamoja na ule wa umeme. Radi inayopiga nguzo ya jirani hupita kwenye waya huo mwembamba, ikachoma poti ya mizani na adapta kwa pamoja, na poti ya mizani ikiungua ni kazi ya fundi mwenye leseni pamoja na ukaguzi mpya.

Anachoweza kutazama mkulima

Huhitaji kujua pariti. Kabla ya mzigo wako kupanda, kionyeshi kiwe sufuri, au kiwe kimeondoa uzito wa chombo mbele yako. Mzigo ukitulia, soma namba kwenye kionyeshi, useme kwa sauti. Ukipewa risiti, isome palepale kabla ya kuondoka dirishani. Zikitofautiana, omba kupimwa tena kabla kahawa haijamwagwa, kwa sababu ikishamwagwa hakuna wa kuihesabu. Malalamiko ya uzito yapelekwe kwa kamati ya chama na kwa ofisi ya biashara ya kaunti. Chini ya Katiba ya 2010, usimamizi wa biashara ya haki na wa vyama vya ushirika uko mikononi mwa kaunti.

Kwa karani, unapoomba msaada wa fundi wa kompyuta, usiseme tu "mashine imekufa". Mwambie kama jaribio la klipu lilirudisha herufi, namba ya COM, mwendo na pariti vilivyo kwenye mizani na vilivyo kwenye programu, na kama kompyuta haionyeshi kitu, inaonyesha takataka au imekwama. Kwa majibu hayo anaweza kukuelekeza kwa simu bila kupanda pikipiki kutoka mjini. Siku mawasiliano yanapofanya kazi vizuri, andika mipangilio hiyo kwenye kipande cha karatasi, kwa mfano "COM3, 9600, biti 8, hakuna pariti", uifunike kwa seloteipu na kuibandika nyuma ya kionyeshi, ili karani wa zamu nyingine aikute.